Nyaraka za kuandikia programu za kompyuta ya mezani: Microsoft, Qt, GTK au Electron, intaneti ikiwa imezimwa

Kijana mmoja alinijia hapa Busia, Uganda, na laptopu aliyoinunua Kampala, mkono wa pili: i5 ya zamani, RAM GB 4, Windows 10. Alikuwa amejifunza Python kidogo na C# kidogo. “Kaka, mimi nataka kuandika programu za madukani, siyo tovuti. Nianze na ipi?” Nikamjibu kwa maswali mawili. Wateja wako wana Windows gani? Na bando likikuishia saa nne usiku, kazi ikiwa nusu, utasoma wapi?

La kwanza alilitarajia. La pili lilimchekesha, lakini ndilo lililozaa ulinganisho huu. Wengi wetu huchagua zana kwa kuangalia lugha yake, kasi yake, au uzuri wa madirisha yake. Mimi siku hizi natanguliza nyaraka: ziko wapi, zinasomekaje, na zinabaki na nani intaneti ikiondoka.

Funzo hilo nililipata kwa gharama. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku tano hivi. Nilikuwa naandika programu ya stoo ya duka la hadiwea kwa C#, mteja ananisubiri, nami nimekwama kwenye risiti. Hakikisho (preview) kwenye skrini lilikuwa safi kabisa. Ukibonyeza kuchapa, karatasi inatoka tupu. Kivinjari changu kilikuwa na alama za kurasa zaidi ya mia moja na hakuna hata moja iliyofunguka. Cha kuudhi, kompyuta hiyo hiyo ilikuwa na Qt, zana nyingine ya kuunda madirisha, pamoja na kitabu chake kizima, kila ukurasa unafunguka kana kwamba hakuna lililotokea nchini. Ila kazi haikuwa ya Qt. Intaneti iliporudi nilipata jibu kwa dakika kumi: kihesabu cha mistari nilikuwa sikirudishi kwenye sifuri katika tukio la BeginPrint, kwa hiyo hakikisho lilikuwa linaimaliza orodha yote, na uchapaji wenyewe ulipoanza hakuna mstari uliobaki. Siku tano kwa mstari mmoja.

Hata mtandao ukiwapo, kusoma kunalipiwa. Ile kodi ya OTT (ya mitandao ya kijamii) ya shilingi 200 kwa siku, iliyoanza 2018, iliondolewa Julai 2021 na mahali pake ukaja ushuru wa asilimia 12 juu ya data. Ukurasa unaoufungua mara ishirini kwa wiki unaulipia mara ishirini.

Basi nilizipima zote kwa kazi moja: dirisha lenye jedwali la bidhaa, data ihifadhiwe ndani ya SQLite (hifadhidata ndogo ya faili moja), na risiti itoke kwenye printa ya karatasi ya milimita 80, hizi ndogo za madukani. Wi-Fi nimezima. (SQLite yenyewe haina ugomvi. Tovuti yake inatoa nyaraka zote katika faili moja la zip. Pakua mara moja, weka, sahau.)

Microsoft: maktaba kubwa, rafu zimechanganyika

Kaka zetu wanakumbuka enzi ambazo MSDN, maktaba ya nyaraka za Microsoft, ilikuja kwa CD. Toleo la Oktoba 2001 ndilo la mwisho kushikana na Visual Studio 6, na najua mzee mmoja anayelitunza kwenye bahasha kama hati ya kiwanja. Leo vitabu hivyo viko Microsoft Learn. Vilihamia docs.microsoft.com mwaka 2016, kisha tovuti hizo mbili zikaunganishwa 2022.

Kwa wingi na usahihi, sijaona nyaraka za kuzifikia hizi. Ukurasa wa klasi ya PrintDocument una mfano kamili unaoweza kuunakili, ukaukompaili, ukachapa. Ukitaka kumtumia printa amri ghafi, za kukata karatasi au kufungua droo ya pesa, unashuka hadi Win32 (tabaka la chini la Windows), kwenye OpenPrinter, StartDocPrinter na WritePrinter. Kila kigezo kimeelezwa, hata kosa linalorudishwa. Lakini soma taratibu. Ukubwa wa karatasi katika klasi ya PaperSize hupimwa kwa sehemu za mia za inchi, kwa hiyo milimita 80 ni kama 315. Nimeona vijana wawili wakiandika 80, kisha wanailaumu printa.

Shida yake ni umri. Microsoft huwa haiharakishi kuivunja nyumba ya zamani. Inajenga nyingine ubavuni. Kwa kuchora madirisha, WinForms ilikuja 2002, WPF 2006, UWP 2015, WinUI 3 mwaka 2021, na chini ya zote hizo iko Win32 yenyewe. Unatafuta “kitufe”, unaletewa vitufe vya vizazi vinne, na mfano unaoonekana sawa na wako unakataa kukompaili. Dawa ni kuangalia jina refu la klasi juu ya ukurasa kabla hujasoma neno lingine. System.Windows.Forms ni WinForms. System.Windows.Controls ni WPF. Windows.UI.Xaml ni UWP. Microsoft.UI.Xaml ni WinUI 3. Mtu akilijua hilo tu, Microsoft Learn inakuwa kitabu kingine kabisa. Angalia pia kile kisanduku cha kuchagua toleo la .NET (jukwaa linaloendesha programu za C#), maana ukurasa huwa unakufungulia toleo jipya, na wewe huenda unaandikia la zamani.

Intaneti ikizimwa, inabaki nini? Zaidi ya nilivyodhani ile Januari. Kwanza, yale maelezo mafupi yanayojitokeza unapoandika jina la klasi yamo ndani ya SDK ya .NET (kifurushi cha kuandikia programu) kama faili za XML; hayahitaji mtandao. Pili, sehemu nyingi za Microsoft Learn zina kitufe cha kupakua PDF chini ya orodha ya yaliyomo upande wa kushoto. PDF ya WinForms ni ndefu, hutaimaliza, lakini inatafutika. Tatu, Visual Studio 2022 ina Help Viewer, kisomaji cha nje ya mtandao, ambacho hakiwekwi mpaka ukichague mwenyewe kwenye orodha ya vijenzi. Nilitumia Visual Studio miaka mingi bila kujua kipo.

Halafu kuna suala la kisakinishi chenyewe, ambalo kwetu ni zito kuliko nyaraka. Visual Studio inaweza kula GB 20 hadi 50 za diski, kutegemea unachochagua. Usiivute kwenye kila kompyuta. Tafuta mahali penye mtandao mzuri, tekeleza kisakinishi kwa --layout, ongeza --add Microsoft.VisualStudio.Workload.ManagedDesktop ili upate zana za .NET za mezani tu, na usisahau --lang en-US. Ukiisahau hiyo ya mwisho, itakupakulia lugha zote ilizo nazo, na bando lako litaondoka na Kichina na Kicheki usivyovihitaji. Folda inayopatikana unaibeba kwenye hadidiski na kusakinishia kompyuta kumi.

Toleo la Community ni bure kwa mtu binafsi, na kwa ofisi ndogo hadi watumiaji watano. Kwa RAM ya GB 4 itatambaa. Unaweza kuandika C# kwenye VS Code iliyo nyepesi, lakini ile sehemu ya kuchora madirisha ya WinForms kwa kuburuta vitufe haimo humo, na mwanzoni sehemu hiyo ndiyo nusu ya raha.

Qt: kitabu kimoja, mwandishi mmoja

Bila shaka Qt imeandikwa na watu wengi, lakini inasomeka kama sauti moja. Ilianzia Norwei, kampuni ikiitwa Trolltech iliyoundwa 1994. Nokia ikainunua 2008, kisha ikapita kwa Digia, na leo iko chini ya The Qt Company. Wamiliki wamebadilika na mtindo wa nyaraka haukubadilika: kila klasi ina maelezo marefu ya kwa nini ipo kabla ya orodha ya inachofanya.

Mfano ni jedwali letu la bidhaa. Microsoft inakuonyesha DataGridView na sifa zake, moja baada ya nyingine, na unajifunza kwa kujaribu. Qt inakupa insha nzima kuhusu kutenganisha data na mwonekano wake, kisha inakuletea QSqlTableModel: unaielekeza kwenye jedwali la SQLite, unaikabidhi kwa QTableView, na bidhaa zinaonekana, zinaharirika. Mistari isiyofika kumi. Nilipoisoma insha ile mara ya pili ndipo nilipoelewa kwa nini programu zangu za C# zilikuwa zinachoka kadiri bidhaa zinavyoongezeka: nilikuwa nikimwaga stoo nzima kwenye dirisha. Kitabu cha zana moja kilinifundisha kutumia nyingine.

Risiti? QPrinter na QPainter. Na hapa milimita 80 ni milimita 80: unaunda QPageSize kwa upana na urefu, unataja kipimo kuwa Millimeter, basi. Ila kukata karatasi kwa amri ghafi Qt haikusaidii. Kwenye Windows utarudi kule kule WritePrinter, na nyaraka zake ziko kwa Microsoft. Hakuna zana ya mezani inayokukomboa kabisa na mfumo endeshi ulio chini yake.

Msaada wa Qt umefungwa katika faili za .qch, husomwa na Qt Assistant au ndani ya Qt Creator kwa kubonyeza F1 juu ya jina lolote. Mifano nayo inakuja na usakinishaji, unaifungua, unaikompaili, unaiharibu upendavyo. Ukitumia Ubuntu, Qt 5 ina kifurushi cha qtbase5-doc. Apt inamaliza kazi.

Kasoro ziko mbili, na si ndogo. Tangu 2020, visakinishi vya nje ya mtandao haviwafikii tena watumiaji wa bure. Unafungua akaunti, unatumia kisakinishi cha mtandaoni, na kila kompyuta inapakua upya. Ukitoka kuibeba Visual Studio kwenye hadidiski, hili linauma. Ya pili ni leseni. Qt ni bure chini ya leseni huria ya LGPL kwa sehemu kubwa, na unaweza kuuza programu iliyofungwa, mradi maktaba za Qt zibaki faili za DLL zinazojitegemea ambazo mteja anaweza kuzibadilisha, na umpe maandishi ya leseni. Baadhi ya moduli ni GPL tu, leseni inayotaka programu yako nayo iwe huria. Kila moduli ina ukurasa unaosema iko chini ya leseni gani. Usome kabla ya kuanza, siyo siku ya kukabidhi.

Kwa mtu wa Python kuna PySide6, iliyo rasmi na ya LGPL, na PyQt, ambayo ni GPL au unalipa. Nyaraka za PySide6 zinafaa, lakini mifano mingine bado ina sura ya C++. Ushauri wangu ni kusoma zile za C++ moja kwa moja na kutafsiri kichwani. Majina ni yale yale.

Kuhusu lugha: Baraza la Mawaziri la Uganda lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, lakini nyaraka zote ninazozitaja nimezisoma kwa Kiingereza, na nafundisha kwa Kiswahili. Qt inafundishika vizuri kuliko zote. Kila wijeti (kitufe, jedwali, dirisha) ina mzazi, na mzazi akifutwa anafuta watoto wake wote. Nikisema “mzazi akienda, anaondoka na nyumba nzima,” hakuna mwanafunzi anayerudia kosa la kumfuta mtoto mara mbili.

GTK: fupi, safi, kwa anayejua tayari

GTK, nayo zana ya kuunda madirisha, ilizaliwa kwa ajili ya programu ya picha ya GIMP, miaka ya tisini, Berkeley. Nyaraka zake za leo zinapendeza kwa macho na zinasomeka nje ya mtandao bila masharti: kwenye Ubuntu unasakinisha libgtk-4-doc na kisomaji chake Devhelp, umemaliza. Hakuna akaunti, hakuna kisakinishi kinachotaka barua pepe. Kwa urahisi wa kuzibeba, GTK inawashinda wote.

Kuzielewa ni jambo jingine. Ni rejea kuliko kitabu. GtkPrintOperation imeelezwa, karatasi ya milimita 80 unaipata kwa gtk_paper_size_new_custom ukitaja GTK_UNIT_MM, na mchoro wa risiti unaufanya kwa Cairo, maktaba ya kuchora ambayo ina nyaraka zake mahali pengine. Jedwali lilinitesa zaidi. Mafunzo mengi ya zamani yanatumia GtkTreeView, ambayo tangu 4.10 imetangazwa kuwa ya kuachwa; mpya ni GtkColumnView, yenye nguvu, ila unahitaji kuelewa viwanda (factories) na orodha za vitu kabla hujaona safu moja ya misumari. Ukiandika kwa Python, mzigo unaongezeka, maana maelezo mengi yamekaa kwa C.

Na wateja wangu wako Windows. GTK hufika Windows kupitia MSYS2 (mkusanyiko wa zana huria kwa Windows), inafanya kazi, lakini kumpelekea mwenye duka faili zote zile ni safari. Nawasifu kwa kitu kimoja ambacho nakipendekeza hata kwa anayeandika WinForms: mwongozo wa GNOME (mradi mkubwa unaotumia GTK) wa sura ya programu. Unakufundisha kitufe kiandikwe kitenzi, siyo “Sawa”. Mhudumu wa duka mwenye foleni mbele yake anaona “Futa bidhaa” au “Acha”, hana haja ya kulisoma swali.

Electron: zana moja, nyaraka tatu

Anayetoka kwenye tovuti atavutiwa na Electron, na ana haki. Unaandika HTML na JavaScript, inakuwa programu ya mezani. Nyaraka zake ni fupi na nadhifu: webContents.print ina chaguo la silent ili risiti itoke bila kuuliza, na pageSize hupimwa kwa maikroni. Milimita 80 zetu sasa ni 80000. Tumetoka mia za inchi, tukapita milimita, tukafika huku. Printa ni ile ile.

Lakini nyaraka za Electron ni theluthi tu ya unachohitaji. Ya pili ni MDN ya Mozilla, kwa mambo yote ya ukurasa wenyewe, na ya tatu ni nyaraka za Node, inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari. Kila programu inabeba Chromium yake ndani (kivinjari kizima), kwa hiyo hata daftari la madeni la duka litazidi MB 100 kirahisi, na kwenye kompyuta ya GB 4 mteja atalihisi. Kumpelekea sasisho kwa bando ni adhabu. Tauri, zana ya aina hiyo hiyo iliyofika toleo la 1.0 mwaka 2022, inapunguza uzito kwa kutumia WebView2 iliyomo Windows, ila inakutaka ujue lugha ya Rust, na hiyo ni shule nyingine.

Lazarus, na neno la haraka kuhusu Apple

Naiingiza Lazarus ingawa vijana huicheka. Ni Pascal, mnajua, ile ya chuoni. Kisakinishi kimoja, hakiulizi akaunti, hakihitaji mtandao baada ya hapo, msaada wake ni faili za CHM, na nyaraka za Free Pascal zinapatikana kwa PDF. Inatoa .exe moja inayojitegemea, ambayo unaipeleka dukani kwa flashi ndogo kabisa. Kwenye i5 ya GB 4 inafunguka haraka kuliko zote. Kinachoiangusha ni kina: rejea zipo, maelezo ya kwa nini ni machache, na mambo mengi mazuri yamebaki kwenye wiki yao badala ya kuwa ndani ya faili za msaada. Kwa risiti utatumia kifurushi cha Printer4Lazarus, na mfano wake utautafuta ndani ya folda za usakinishaji wenyewe. Upo. Hakuna anayekuambia.

Apple: Xcode ni bure na nyaraka zimo ndani yake, lakini unahitaji Mac, na kusambaza programu iliyothibitishwa na Apple kunataka uanachama wa dola 99 kwa mwaka. Mimi sijapata mteja wa duka mwenye Mac. Ukimpata, atakulipa vizuri, nenda kasome.

Kabati la pamoja

Kuna zana tatu zinazopunguza tofauti hizi zote. Zeal, ya Windows na Linux, inakusanya nyaraka za lugha na maktaba nyingi, Qt na Python zikiwemo, na inatafuta ndani ya nusu sekunde. DevDocs hufanya karibu hayo hayo ndani ya kivinjari: unachagua, unahifadhi, unazima mtandao. Kiwix inajulikana kwa Wikipedia ya nje ya mtandao, lakini inabeba pia nakala za maswali na majibu ya Stack Overflow. Faili hilo ni kubwa mno kwa bando la mtu mmoja. Sisi tulichangishana watatu, likapakuliwa usiku kucha, sasa linazunguka kwenye hadidiski kama sufuria ya msibani.

Windows 7, ambayo ilikataa kufa

Sasa lile swali la kwanza. Windows 7 iliachwa na Microsoft Januari 2020, Windows 10 ikafuata 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka TPM 2.0 (kijenzi cha usalama) na prosesa za karibuni, na kompyuta nyingi za madukani hapa hazina. Kwa hiyo ukiandika programu ya duka, utaikuta Windows 10 kila mahali, na Windows 7 mahali ambapo hukutarajia, kwa kawaida kwenye kompyuta iliyounganishwa na printa.

Hapo ulinganisho unageuka. Programu ya .NET Framework 4.8 inafanya kazi kwenye Windows 7 yenye SP1 (sasisho lake kubwa), na nyaraka za toleo hilo bado ziko Microsoft Learn, unalichagua tu kwenye kisanduku. Qt 6 haikubali, Qt 5.15 inakubali, na kitabu chake kinasomeka hadi leo. Electron 22 ndiyo ya mwisho kwa Windows 7. Python 3.8 nayo ni ya mwisho, jambo linalowakuta wengi siku ya kusakinisha, mteja amesimama nyuma ya kiti. Lazarus haijali.

Kwa hiyo pakua nyaraka za toleo utakalotumia, siyo la karibuni. Kijana mwenye nyaraka za Qt 6 anayeandikia Qt 5.15 atatumia siku nzima akitafuta mbinu ambayo haipo.

Jambo moja zaidi kwa watu wa madukani: tangu Januari 2021, waliosajiliwa kwa VAT wanatakiwa kutoa ankara na risiti kupitia EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa URA (mamlaka ya mapato), na njia mojawapo ni kuunganisha programu ya mteja na mfumo huo moja kwa moja. Kila zana niliyoitaja inaweza kuzungumza na seva. Tofauti itakuwa pale unapokwama, na pale nyaraka za .NET za mitandao na usimbaji fiche ziko mbele, zimejaa mifano.

Nilimpa nini yule kijana

Nilimpa WinForms na .NET Framework 4.8. Siyo kwa sababu ni nzuri kuliko Qt. Kwa kuandika na kwa kusoma naipenda Qt zaidi. Ni kwa sababu wateja wake wako Windows, mmoja wao akiwa na Windows 7, folda ya Visual Studio inabebeka, na C# alikuwa ameshaionja. Kama angekuwa na kompyuta yenye GB 8 na wateja mchanganyiko, ningempa Qt bila kufikiri mara mbili. Kama angekuwa hana mtandao kabisa na kazi yenyewe ndogo, Lazarus. Electron ningempa kama tayari anaijua JavaScript na duka lina kompyuta mpya. GTK ningempa siku atakayoamua kuishi Linux.

Kwenye flashi yake ya GB 64 niliweka folda ya Visual Studio yenye Kiingereza peke yake, PDF za WinForms na za C#, zip ya SQLite, na kisakinishi cha Zeal. Nafasi ilibaki. Akaniuliza kwa nini siongezi Qt. Nikamwambia arudi akishachapa risiti ya kwanza.

Alirudi baada ya wiki tatu. Hakuja kwa ajili ya Qt: risiti zake zilikuwa zinatoka tupu. Tulifungua PDF, tukatafuta BeginPrint, tukaongeza mstari mmoja, na Wi-Fi yangu siku hiyo hata sikuiwasha.